Bi. Keziah Whitwam na Mstari Mmoja wa Viatu Mlangoni

Tarehe 30 Juni 1896, Bi. Keziah Whitwam, msahihishaji mkuu wa Gazeti la Harbeck, atastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na tisa. Wafanyakazi wote wa gazeti, kuanzia chumba cha herufi hadi dirisha la matangazo, wamenipa mimi, Enoch Sugden, msimamizi wa wapanga herufi, kazi ya kuandika habari zake kwa ajili ya karamu ya Jumamosi. Nimekubali kwa sharti kwamba yeye mwenyewe asionyeshwe karatasi hizi kabla hazijachapwa. Wanaomjua wataelewa sababu.

Alizaliwa hapa hapa Harbeck mwaka 1827, mtoto wa mfumaji wa mkono aliyekuwa na kitanda chake cha kufumia ghorofani, juu ya jikoni. Jina la ukoo wa baba yake ni Ormerod. Alisoma katika shule ya Jumapili ya kanisa, na kilichobaki alijisomea. Alipofikisha miaka ishirini na miwili mchapaji mmoja wa London alitoa kitabu chake cha kwanza cha mashairi, na kwa muda wa miaka kumi na mitano hivi hapakuwa na nyumba yenye sebule katika Uingereza hii iliyokosa jina la Keziah Ormerod.

Vijana wa ofisini watadhani natia chumvi. Waulizeni mama zenu. Vitabu vyake vilijalidiwa kwa mahameli na kingo za dhahabu, na bibi harusi alipewa kimoja pamoja na vijiko. Picha yake iliuzwa madirishani mwa maduka ya karatasi. Shairi lake la Viatu Mlangoni, linalohusu mama aliyefiwa na mtoto huku viatu vya mbao vya yule mtoto vikibaki pale pale alipovivua, lilisomwa mashuleni, likatiwa muziki, likachapwa kwenye leso. Yalikuwepo hata mabirika ya chai yenye ubeti wa kwanza. Na hakuwa peke yake. Wakati ule wanawake waliotunga mashairi walikuwa wengi na walisomwa na wengi zaidi, na mabwana wenye magazeti ya London waliwasifu kwa maneno ambayo leo wangeona haya kuyakumbuka.

Kisha upepo ukageuka. Mabwana wale wale, au watoto wao, wakaanza kusema kwamba hayo yalikuwa machozi ya kuuza. Kitabu chake cha tano hakikununuliwa. Mchapaji aliuza karatasi zilizobaki kwa wenye maduka, na Bi. Keziah ametuhadithia mara nyingi, bila uchungu wowote, jinsi alivyonunua jibini sokoni ikafungwa katika shairi lake la Majira ya Kupukutika. Anasema jibini ilikuwa nzuri.

Aliolewa na Amos Whitwam, mtia rangi nguo, mtu mpole ambaye mikono yake ilikuwa ya buluu hadi kwenye viwiko. Homa ya mapafu ilimchukua mwaka 1866. Mwaka uliofuata mjane akaja kwetu kuomba kazi. Mwenye gazeti na mhariri wetu, Bw. Josiah Lumb, alimchukua kwa sababu msahihishaji wa zamani alikuwa amepoteza uwezo wa kuona, na kwa sababu mwanamke angekubali mshahara mdogo. Sababu ya pili haikufichwa wakati ule, na haina haja ya kufichwa sasa. Aliajiriwa kama Bi. Whitwam. Hakuna aliyemwuliza jina la kwao, naye hakulitaja.

Kuhusu kazi yake mengi yanajulikana. Ndiye aliyezuia ile taarifa ya ziara ya meya iliyokuwa isomeke kwamba meya alipokewa na wananchi kwa vifo, kwa kuwa mpangaji alikuwa amedondosha herufi mbili katikati ya vifijo. Ndiye pia aliyeliacha lipite, mwaka uliofuata, tangazo la mwuza nyama aliyedai soseji zake hazina mpinzani wala nyama. Alipoulizwa alijibu kwamba amekula soseji zile na haoni kosa. Hajawahi kuinua sauti chumbani kwetu. Hutia alama yake pembeni, hukurudishia karatasi, na husimama pale hadi herufi ya madini ya risasi itakapobadilishwa mbele ya macho yake. Wanagenzi kadhaa wameomba kuhamishwa.

Sasa nifike kwenye mwaka 1886, maana bila mwaka huo hii ingekuwa karamu kama karamu nyingine.

Mwezi wa Februari gazeti moja la London lilitoa habari fupi kwamba Keziah Ormerod, ambaye beti zake zilikuwa zikiwaliza bibi zetu, amefariki huko Bath, akiwa amesahauliwa na wote. Nani hasa aliyefia Bath hatujui hadi leo. Kama ilivyo desturi ya magazeti ya mikoani, sisi tuliinakili, nami niliipanga kwa mkono wangu. Karatasi ya majaribio ikapelekwa mezani kwa Bi. Keziah. Ikarudi na alama ya mkato mmoja uliohamishwa. Basi ikachapwa.

Jumamosi iliyofuata viwanda vilifungwa mchana kama kawaida, na barabara ikajaa mlio wa viatu vya mbao. Nilikuwa nimeshuka dirishani kuchukua matangazo ya mwisho. Karani alikuwa amekwenda kula, na Bi. Keziah alikuwa amekaa mahali pake. Akaingia mwanamke wa makamo, shali kichwani, nyuzi za pamba bado zimemganda kwenye nywele. Huyu ni Zillah Hirst, mfumaji wa kiwanda cha Upper Mill, ambaye leo sote tunamjua. Siku ile hakuna aliyemjua.

Alisema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema wote waliozoea kelele za mashine, "Mama, nataka mniwekee neno gazetini. La asante."

"Kwa nani?" akauliza Bi. Keziah.

"Yule bibi aliyetunga Viatu Mlangoni. Mmeandika kafa. Nami sijawahi kumwambia kitu."

"Ungemwambia nini?"

Zillah akafikiri. "Ningemwambia nilizika mtoto wangu wa kiume mwaka wa mafuriko. Mchungaji alikuja akasema maneno, jirani zangu wakasema maneno, na yote yalinipita kama maji. Kisha kazini mwenzangu wa mashine ya pili akanisemea lile shairi. Hapo ndipo nilipolia. Nikalia hadi msimamizi akazima mashine yangu. Ndiyo hayo tu. Weka kwa kifupi, sina pesa ya maneno mengi."

Wasiojua viwanda wafahamu kwamba ndani ya chumba cha kufumia hakuna sauti ya mtu inayosikika. Wanawake huzungumza kwa midomo, na macho ndiyo masikio yao. Shairi lile lilikuwa limepita hivyo, kutoka mdomo hadi jicho, kutoka mashine moja hadi nyingine, kwa zaidi ya miaka thelathini.

"Unalijua lote?" Bi. Keziah akauliza.

"Nani asiyelijua?" Zillah akaegemea dirisha akalisema, polepole, bila madoido. Alipofika kwenye ubeti wa mwisho akasema hivi:

Viatuvye mlangoni, vingali vimepangana,
Na Mola yuko mbinguni, nami namwuliza tena.

Bi. Keziah akasema, "Si hivyo. Ni 'nami simwulizi tena.'"

"Nani kakwambia?"

"Kitabuni ndivyo lilivyo."

"Kitabu nitakiona wapi mimi? Sisi tunasema 'namwuliza.' Mama yangu alisema hivyo, na wenzake wote." Kisha akamtazama yule mwanamke mwenye miwani na kola nyeupe, akaongeza kwa upole kidogo, "Wewe umewahi kuzika mtoto, mama?"

"Mmoja. Wa kike. Nilikuwa sijatimiza hata mwaka tangu niolewe."

"Basi wajua. Aliyezika mtoto na haulizi, huyo kamzika mtoto wa mwenzake."

Bi. Keziah alivua miwani, akaiweka juu ya matangazo ya mnada wa farasi, nami nikaacha kuhesabu karatasi zangu. Kisha akasema, "Nilipoliandika mara ya kwanza niliandika kama ulivyosema wewe. Bwana wa London akanirudishia. Alisema mwanamke Mkristo hamwulizi Mungu mara ya pili, na kwamba hatachapa kitabu chenye mstari ule. Nikabadilisha."

"Ulibadilisha wewe? Wewe nani?"

"Mimi ndiye Keziah Ormerod."

"Yule kafa. Imo gazetini mwenu."

"Gazeti limekosea."

Zillah akamtazama, akanitazama mimi, akamrudia tena. "Na kazi yako hapa ni nini?"

"Kusahihisha makosa."

"Basi sijui wanakulipia nini," akasema Zillah Hirst.

Hicho ndicho kicheko cha kwanza cha Bi. Keziah nilichowahi kukisikia, na nilikuwa nimefanya naye kazi kwa miaka kumi na tisa. Alicheka hadi akashika ukingo wa meza. Zillah naye akacheka, kisha mmoja wao, sikumbuki yupi, akawa analia, na mimi nikarudi juu na matangazo yangu kwa kuwa sikuwa na kazi pale.

Baadaye nilimwuliza kwa nini aliruhusu habari ya kifo chake ipite. Alisema sarufi yake ilikuwa sawa.

Wiki iliyofuata gazeti lilitoa masahihisho ya mistari miwili: Bi. Keziah Ormerod hajafa; anafanya kazi katika ofisi hii. Barua zilizoletwa zilijaza kikapu. Bw. Lumb, ambaye ni mtu wa biashara kabla ya kuwa mtu wa jambo lingine lolote, alitaka Viatu Mlangoni lichapwe lote katika ukurasa wa kwanza. Bi. Keziah akakubali, na akaandika ule mstari wa mwisho kama unavyosemwa viwandani.

Habari zikamfikia Mchungaji Pogson wa kanisa letu kubwa kabla wino haujakauka kwenye karatasi ya majaribio. Hatukuuliza zilimfikiaje, mke wa mpiga chapa ni mwimbaji wa kwaya. Mchungaji alikuja ofisini mwenyewe akazungumza na Bw. Lumb mlango ukiwa umefungwa. Alipoondoka, Bw. Lumb alipanda juu kwetu, jambo ambalo hulifanya mara chache kwa sababu ya magoti yake.

"Bi. Keziah," akasema, "tuchape kama ilivyo kitabuni. Hivyo ndivyo watu walivyolipenda."

"Watu walilipenda hivi, Bw. Lumb. Kitabuni ni vile alivyolipenda bwana mmoja."

"Kanisa linatuletea matangazo yote ya ndoa na ya mazishi. Unajua maana yake."

"Najua. Huwa nayasoma mimi."

"Basi nisaidie, mama. Ni silabi mbili tu."

"Nilipokubali kuzibadilisha nilikuwa na miaka ishirini na miwili," akasema, "nikazibeba hadi leo. Kama ni lazima, chapa unavyotaka, lakini weka jina la mchungaji chini yake. Langu halitakuwepo. Na utafute mtu mwingine wa kuisoma, maana mimi nitakuwa nimekwenda nyumbani."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, mjane, bila mtoto wala akiba ya maana, na sote mle chumbani tulijua kwamba kwenda nyumbani maana yake ni kwenda nyumbani moja kwa moja. Wapangaji waliacha kupanga. Bw. Lumb alitembea hadi dirishani akatazama mabomba ya moshi, kisha akaniuliza mimi, "Sugden, wewe mama yako alikuwa mfumaji. Alisemaje?"

Nilimwambia ukweli, kwamba mama yangu alisema "namwuliza." Alilisema kila Ijumaa akisugua jiwe la mlangoni, na nilikuwa mtu mzima kabla sijajua kwamba lilitungwa na mtu; nilidhani lilikuwepo tu, kama mvua.

Bw. Lumb akasema, "Chapeni basi," akashuka ngazi taratibu.

Kanisa lilitunyima matangazo yake hadi majira ya kuchipua. Kisha yakarudi, kwa sababu watu waliendelea kufa na jamaa zao walitaka ijulikane. Mchungaji Pogson na Bi. Keziah wanasalimiana vizuri barabarani. Hilo ni sifa kwa wote wawili.

Tokea hapo tukawa na safu ya kila wiki iliyoitwa Beti za Moyoni. Bi. Keziah aliwaomba wasomaji waje Jumamosi mchana kumsemea shairi lolote la mwanamke walilolijua bila kitabu, na waseme nani aliwafundisha. Walikuja hadi foleni ikapinda kwenye kona ya duka la mwuza samaki. Wafumaji, wafuaji, walimu wa shule za watoto, mjane wa daktari, mzee mmoja mchimba makaa aliyekuja na shairi la dada yake marehemu. Bi. Keziah alikaa dirishani na chai yake iliyopoa akiandika kila neno kama lilivyosemwa. Msomi mmoja kutoka Leeds alipomshauri alinganishe na vitabu kwanza, alimjibu kwamba atafanya hivyo akipata vitabu. Vilikwisha kwa kufungia jibini.

Hivyo yakarudi majina ambayo hakuna duka la vitabu lingeweza kukuuzia: Dorcas Pelham aliyeandika kuhusu wasichana wa machimbo ya chumvi, Bi. Susannah Threlfall na tenzi zake za malkia walionyimwa viti vya enzi. Leonora Fisk, aliyewahi kulipiwa behewa zima la treni aende kusoma shairi lake la Mke wa Mlinzi wa Mnara mbele ya umati wa Manchester. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Kuhusu Bi. Fisk, msomaji mmoja wa Whitby alituarifu kwamba yuko hai, katika nyumba ya wazee wasiojiweza, na kwamba ndiye anayegombana na kila mtu pale.

Bi. Keziah alipanda treni kwenda kumwona. Aliporudi tulimwuliza mkutano ulikuwaje. Alisema Bi. Fisk alimtazama kwa muda mrefu mlangoni, kisha akasema, "Ormerod. Nilidhani umekufa. Mashairi yako yalikuwa na sukari nyingi mno." Naye akamjibu kwamba yake yalikuwa marefu mno. Baada ya hapo wakanywa chai. Amekuwa akienda huko kila sikukuu ya Pasaka tangu siku ile, na hurudi akiwa na sura ya mtu aliyeshinda mabishano.

Mwaka 1889 mashairi yale yalikusanywa yakawa kitabu, tukakichapa kwa mashine zetu wenyewe. Jalada lake ni la karatasi ya kawaida, bila mahameli. Zillah Hirst alikiuza kwenye malango ya viwanda kila siku ya mshahara, na hakuruhusu mtu apite bila kusimama. Gazeti moja la London lilikitaja katika mistari miwili na kusema ni kumbukumbu ya kupendeza ya ladha iliyopita. Hatukukichapa ili kupata heshima huko, na huko nao hawakitaki. Kwa miji ya bonde hili kimechapwa mara nne. Siwezi kudai kwamba kimewarudishia wanawake wale sifa waliyokuwa nayo. Hakijafanya hivyo. Wanasomwa Harbeck na mahali pengine pachache, na kwingineko majina yao hayamwambii mtu kitu.

Kwa upande wa kazi za kila siku, Bi. Keziah amewafundisha wasahihishaji watatu, ambao wawili kati yao ni wanawake na sasa wanapata mshahara sawa na mwenzao wa kiume. Jambo hilo lilichukua muda na mazungumzo ya faragha na Bw. Lumb ambayo hakuna aliyetusimulia. Amekosa kufika kazini mara chache sana. Hajawahi kuomba shairi lake lichapwe tena, na tangu 1886 hajaleta jipya. Wapo wanaosema anaandika kwa siri. Nilimwuliza wiki iliyopita. Alisema nimepanga koma vibaya kwenye tangazo la nyasi kavu.

Wenzake tulitaka kumnunulia saa ya ukutani. Alikataa, akasema amesikia ya kutosha kuhusu muda. Tumemnunulia blanketi mbili nzito za sufu za Harbeck, kwa maagizo maalumu. Kuanzia mwezi Julai Bi. Keziah atahamia Whitby, ambako amepanga nyumba ndogo yenye vyumba viwili vya kulala, na Bi. Leonora Fisk ametolewa kwenye nyumba ya wazee kwenda kuishi naye. Wasimamizi wa ile nyumba wamesema hawana pingamizi lolote. Bi. Fisk mwenyewe ametuma salamu kwa mdomo wa mlinzi wa treni: "Aje na blanketi, hapa baridi ni kali. Na asiniletee mashairi, au kama analeta, yawe mafupi."

Jumamosi Zillah Hirst atasema Viatu Mlangoni baada ya chakula. Ameombwa asikawie. Hakusema kwamba amekubali.

Bi. Keziah, gazeti hili linakushukuru kwa macho yako, kwa subira yako mbele ya viwiko vyetu vyenye wino, na kwa ile siku uliyokataa. Kaa Whitby kwa afya, ule samaki mbichi, ulale hadi jua lipande, na ubishane na Bi. Fisk hadi mchoke wote wawili. Huu ni ukurasa wa kwanza kutoka katika nyumba hii, tangu mwaka 1867, ambao hukuusoma kabla ya umma. Makosa utakayoyakuta humu ni yetu, tumeyaacha makusudi ili uwe na sababu ya kurudi kututembelea.